Sura ya Tano: Ngamia Aliyeelekea Mjini

"Picha haina mdomo wa kudanganya, na mimi sina macho ya kudanganywa," Koplo Dida Arero aliwaambia wenzake, amekunja mguu juu ya mguu kwenye benchi la kantini, kikombe mkononi. Ilikuwa chai nzito, ya maziwa ya ngamia, na ngamia mwenyewe alikuwa amefungwa pale nje uani, kadi imening'inizwa shingoni: KIELELEZO NAMBA MOJA. Kwa hiyo koplo alikuwa anakunywa ushahidi. Hakuna aliyemkumbusha, maana kila mmoja pale alikuwa na kikombe chake.

Kituo kilikuwa Isiolo, na jina lake tusilitaje, mambo yasije yakapanda juu. Mwaka ni ule wa ukame, themanini na nne, ng'ombe walipokwisha na watu wakala mahindi ya njano ya msaada, wakayasema vibaya mpaka mahindi yenyewe yakaona haya. Mwaka kama huo, nyumba yenye ngamia mmoja wa maziwa ilikuwa nyumba. Ikimkosa, ilikuwa ua wa miiba wenye watu ndani.

Kielelezo namba moja ndiye alikuwa huyo ngamia mmoja wa nyumba ya Boru. Boru mwenyewe alikuwa seli. Mkewe Qabale alikuwa amehamia kwa kaka yake kule Kiwanjani ili kila asubuhi aje kituoni kukamua, kwa sababu ngamia yule hakumkubali askari yeyote. Mmoja alijaribu, na mpaka leo anachechemea. Mtoto wa ngamia naye alikuwa kando ya mamake, ingawa yeye hakushtakiwa kwa lolote. Qabale akimaliza kukamua aliwaachia askari nusu, akaondoka na nusu kwa watoto. Hakuna aliyemwambia atoe. Hakuna aliyemwambia asitoe.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi.

Ntongai, mtafiti mmoja mwembamba kutoka Meru, alikuwa anachunguza punda milia wa mistari myembamba kule Leparua, magharibi ya mji. Hakuwafukuza kwa gari kama watafiti wengine, aliwategea kamera. Anachukua kamera ya kawaida, anaitia ndani ya sanduku la mbao lenye tundu, analifunga sanduku kwenye mgunga kando ya njia ya kwenda majini. Kisha anafukia ubao chini ya vumbi, na waya unatoka ubaoni mpaka kwenye sanduku. Mnyama akikanyaga ubao, flashi inalipuka, picha imepigwa, na Ntongai wakati huo yuko zake amelala. Watu wa Leparua waliamini kwamba hajawahi kuajiriwa mtu mvivu zaidi yake.

Alitega mbili, moja karibu na maji na nyingine juu zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Asubuhi moja akakuta ile ya chini haipo. Kamba ilikatwa safi kwa kisu. Ile ya juu ilikuwapo, na ilikuwa imefanya kazi. Ntongai akautoa mkanda, akauleta kituoni ndani ya soksi ili usiingie vumbi. Koplo Dida akaupeleka kwa Mama Habibo wa studio, mkanda ukaoshwa, picha zikatoka. Nyingi zilikuwa za punda milia. Moja ilikuwa ya ngamia wakati wa alfajiri, na juu ya mgongo wake, katikati ya madebe ya maji, limefungwa sanduku la mbao lenye tundu.

Aliyemwongoza alikuwa ameishia nje ya picha. Umebaki mkono ulioshika kamba, na mkono hauna jina. Uso wa ngamia nao ulifunikwa shuka. Lakini shingo ilikuwa wazi, na shingo ile ilikuwa na jina.

Ilikuwa alama ya chuma cha moto, mistari miwili iliyosimama na nukta katikati. Nyumba mbili ndizo zilizokuwa na alama hiyo, ya Boru na ya binamu yake Dabasso. Babu zao walipotengana waligawana mifugo, wakagawana zamu za kisima, wakafika kwenye chuma cha kutilia alama wakakuta ni kimoja. Badala ya kugombana wakakubaliana: nyumba ya kwanza itatia alama upande wa kulia wa shingo, ya pili upande wa kushoto, na chuma kitazunguka. Tangu hapo mtu wa ngamia akiiona alama hiyo haisomi alama, anasoma upande. Askari aliyetoka kwingine angeona mistari miwili na nukta, akasema haijulikani ni nini, akaenda kula. Dida alikuwa Mborana, mtoto wa zizi. Ngamia wa pichani alikuwa anaelekea kulia, ameonyesha upande wa kulia wa shingo, alama imekaa juu yake kama muhuri wa posta. Kulia ni kwa Boru. Siku hiyo hiyo Boru alikuwa ndani, na Dida alikuwa kantini akielezea macho yake yalivyo.

Jambo moja lilimkera Inspekta Kiugu, mkuu wa kituo. Kamera haikuonekana.

Ukisimama pale ilipofungwa ile kamera ya juu, ukiitazama njia, kulia kwako ni mjini na kushoto ni milimani. Picha ilisema ngamia alielekea kulia. Kwa hiyo Dida aliutafuta mji. Alipekua nyumba ya kaka yake Qabale, akapata redio isiyo na betri na mbuzi aliyelala chini ya kitanda. Aliwahoji mafundi wa saa. Aliwahoji madereva wa malori ya Merti, akawashusha abiria na magunia yao, na dereva mmoja akamwuliza kama kamera hiyo inakula majani, maana ndicho kitu pekee alichobeba. Wauza miraa walimwambia hawajaona kamera lakini wameona askari wengi. Mji mzima ulikuwa umekwisha kupekuliwa, na hakimu alikuwa anakuja Jumatatu.

Inspekta akamwita ofisini. Alisema kwa upole, na upole wa Kiugu ndio uliokuwa mbaya. Alisema hakimu huyu hapendi kesi ya picha tupu. Alisema pia kwamba mnyama aliyebeba mali ya wizi anaweza kuchukuliwa na serikali moja kwa moja, kwa hiyo koplo afikirie vizuri kabla ya kumsimamisha mtu kizimbani na kuinyima nyumba yake maziwa. Apate kamera, au apate maelezo.

Dida akamtoa Boru seli, akamketisha kwenye kiti, akaweka picha mezani. Boru alikuwa mtu mrefu wa sauti ya chini. Alikitazama kiti kwanza kama anakipima, ndipo akakaa.

"Kamera iko wapi?"

"Hiyo kitu siijui."

"Hii alama ni ya nani?"

"Yetu."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Basi?"

"Basi alama ni yetu," Boru alisema. "Ngamia si yetu."

Dida akamwuliza kama alama huhama ngamia mmoja ikapanda kwa mwingine.  Boru aliivuta picha karibu, akaweka kidole kwenye ile shuka iliyofunika uso wa ngamia.

"Koplo, wewe umechunga. Mtu anafunga macho ya ngamia wakati gani?"

"Wakati anaficha sura yake."

"Aficheje sura na shingo imeachwa wazi? Mwizi gani huyo?"

"Mwizi mjinga."

"Ngamia inafungwa macho ikiogopa," Boru alisema. "Hii imeogopa kitu. Yangu hukuiona? Iko hapo nje na magari yanapita, watoto wanapiga kelele, inatafuna tu. Yangu haijui kuogopa."

Dida akasema hayo amwambie hakimu. Lakini Boru aliporudishwa ndani, koplo alibaki na picha, akaiangalia ile shuka tena. Nje Qabale alikuwa anakamua, amesimama kwa mguu mmoja, kibuyu kimekaa juu ya goti, na lori la jeshi likapita barabarani likilia kama siku ya kiama. Ngamia hakugeuza hata sikio.

Asubuhi iliyofuata Dida aliomba lifti kwa Ntongai, kwa kuwa gari la kituo lilikuwa na kila kitu isipokuwa petroli. Alitaka kusimama mahali penyewe. Njia nzima mtafiti hakuzungumza habari ya wizi. Alikuwa mtu mwenye furaha. Katika mkanda ule ule, alisema, kulikuwa na punda milia wapya, ambao hajawahi kuwaona. Kila punda milia ana mistari yake, alisema, kama vile mtu ana alama zake za vidole, na yeye amekuwa akiwalinganisha ubavu kwa ubavu kwa miezi. Wale wote wa Leparua aliwajua kwa majina. Sasa ukame huu unaua kila kitu, na hapo hapo wanatokea wageni. Maana yake wako wengine mahali fulani, wazima, na wanakuja. Alikuwa amekwisha kuwaambia wakubwa wake.

"Wageni wangapi?" Dida aliuliza, kwa adabu tu.

"Wote waliomo kwenye mkanda," Ntongai alisema, na akacheka peke yake.

Walifika jua likiwa limeanza kuuma. Ntongai alimwonyesha mgunga, akamwonyesha sanduku, akamwonyesha ubao uliofukiwa na kumwomba asiukanyage, maana hakutaka koplo aingie kwenye hesabu. Dida akasimama akiwa ameupa mgunga mgongo, kichwa chake pale pale kwenye tundu la sanduku, akanyosha picha mbele yake.

Njia ilikuwapo. Kichaka cha nyuma kilikuwapo. Kichuguu kikubwa, chekundu, kirefu kuliko mtu, nacho kilikuwapo pichani na kilikuwapo mbele yake. Ila pichani kilikuwa mkono wa kushoto, na pale chini ya jua kilikuwa mkono wa kulia.

Alivuka njia, akasimama upande wa pili, akageuka. Sasa kichuguu kilikuwa kushoto, sawa kabisa, lakini mbele yake kulikuwa na mgunga na sanduku la Ntongai limemkodolea tundu, na katika picha hakukuwa na mgunga wala sanduku.

"Umehamisha kamera?"

"Sijaigusa. Nimetoa mkanda, nimetia mwingine."

"Basi kichuguu kimehama."

Ntongai akasema mchwa wana bidii, lakini si bidii hiyo. Dida hakucheka. Aliomba aonyeshwe mmoja wa wale wageni. Mtafiti hakuhitaji kuombwa mara mbili. Akatoa bahasha kwenye gari, akatandaza picha juu ya boneti, akaeleza kwa kidole: huyu jike ana kovu la simba kwenye paja la kulia, tazama lilivyopinda. Kovu kama hilo analo pia mmoja wa wenyeji, bibi kizee anayemwita Kendi, ila la Kendi liko paja la kushoto.

"Limepinda hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Ajabu sana."

"Simba mmoja alimkamata mmoja kulia na mwingine kushoto, akawakwaruza mkwaruzo mmoja."

"Inawezekana," Ntongai alisema, lakini furaha ilikuwa imeanza kumtoka usoni kama maji kwenye mchanga.

Dida aliichukua picha ya ngamia, akaigeuza nyuma mbele, akainyanyua kuelekea jua. Karatasi ikawaka. Kupitia mgongo wake, kwa ukungu kidogo, kichuguu kilirudi mkono wa kulia mahali kilipojengwa. Ngamia naye akageuka. Alikuwa anaelekea kushoto, milimani, na alama ilikuwa imekaa upande wa kushoto wa shingo. Mistari miwili na nukta katikati: ukiigeuza haibadiliki hata kidogo, na ndiyo maana haikumwambia kitu.

Mkanda wote ulikuwa umechapishwa kinyume.

Ntongai alifanya vivyo hivyo na picha zake, moja baada ya nyingine, akimtaja kila punda milia kwa jina lake la zamani. Alipofika kwa Kendi aliketi kwenye bampa ya gari. Dida akamwona ni mtu aliyefiwa na watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Alimwekea mkono begani. Akamwambia angalau Kendi yuko hai, na ukame huu si mzaha kwa bibi kizee. Ntongai akakubali kwamba hilo nalo ni jambo.

Kuhusu jinsi mkanda ulivyogeuka, koplo hakusema neno. Kuna kitu alikikumbuka pale pale chini ya mgunga, na akakisahau haraka.

Kushoto ni kwa Dabasso. Walifuata njia ya milimani, gari likaishia penye mawe, wakapanda kwa miguu. Dida alikuwa amejitayarisha kwa mtu atakayekimbia. Alimweka Ntongai nyuma, akafungua kifungo cha juu cha shati, akaukaribia ua wa miiba kutoka upande wa chini ya upepo, kama alivyofundishwa chuoni. Hakukuwa na haja. Sanduku la kamera lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo, mbele ya mlango, limefunikwa ngozi safi ya mbuzi ili lisishike vumbi. Mtu yeyote aliyepita njia ile angeliona. Dabasso, mzee mfupi mwenye ndevu nyekundu za hina, alikuwa amekaa chini yake akichonga mpini.

"Nagaa," aliwatakia amani. "Mwenyewe amekuja?"

Wakasalimiana kwa urefu, kama inavyotakiwa, mvua, watoto, wanyama waliobaki. Chai ikaletwa. Dida akauliza kuhusu kamera kwa Kiborana, na baada ya hapo akarudia kwa Kiswahili ili Ntongai asikie. Dabasso naye alijibu kwa Kiswahili, akimtazama mtafiti na si koplo.

Alisema alikuwa anatoka majini alfajiri na ngamia wake wa mizigo, madebe yamejaa. Ngamia akakanyaga kitu, na mti ukapiga radi. Ngamia akaruka. Maji yote yakamwagika, na debe moja likapasuka. Maji ya siku nzima ya watu na ya ndama, katika mwaka huu.

"Mbuzi ya mtu ikiingia kwangu iharibu kitu, mimi siichinji," Dabasso alisema. "Naifunga kwangu, naipa maji, nangoja mwenyewe. Mwenyewe akija tunaongea. Sasa hii si mbuzi, lakini imemwaga. Nikaikata, nikajaza maji tena, nikafunga ngamia macho, tukapanda nayo. Nikangoja. Wewe ndio umekawia."

Ntongai akamwuliza, kwa sauti ndogo, mbona ile ya pili, ya juu, hakuichukua, na bila shaka ilimlipukia pia.

"Hiyo ililipuka tu. Haikumwaga kitu. Nitaishikia nini?"

Hapo Dida akamweleza kwamba Boru yuko ndani kwa ajili ya sanduku hilo, na ngamia wake yuko uani kwa polisi. Mzee aliweka kikombe chini. Alikuwa amehama malisho na kupanda juu, hakusikia. Aliuliza Boru yupi, na alipoambiwa ni yule yule binamu yake, aliuliza watoto wanakunywa nini. Dida akamwambia nusu. Dabasso hakuuliza nusu ya pili inakwenda wapi. Alisimama, akafunga saruni yake upya, akachukua fimbo, akalitungua sanduku kwa mikono miwili.

Njiani kurudi, yeye na Ntongai walikwisha elewana. Mtafiti atanunua debe jingine, ataondoa ubao kwenye njia ya maji, ataupeleka upande wanakopita wanyama na si watu. Dabasso naye atamwonyesha upande huo, maana ameona punda milia wakipita huko kila mara na hajui kwa nini mtu awatafute mahali wasipopita. Dida aliyasikia yote kutoka kiti cha nyuma, ameshika picha magotini. Kazi nzuri, alijiambia. Mwizi hayupo, kamera ipo, mtu atatoka. Kilichobaki ni kumweleza Inspekta.

Walifika kituoni baada ya swala ya alasiri. Inspekta Kiugu alisikiliza kila kitu akiwa amesimama, akazinyanyua picha kwenye dirisha, akazigeuza mwenyewe. Akaagiza Boru atolewe. Boru akatoka akikunja macho, akamwona Dabasso, na wale binamu wawili wakashikana mikono muda mrefu. Qabale, aliyekuwa amekuja kumletea mumewe chakula, alikuwa tayari ameiondoa ile kadi kwenye shingo ya ngamia, hakungoja kuambiwa.

"Mtu amelala humu ndani kwa kosa la nani?" Inspekta aliuliza.

Swali lilielekezwa kwa Dida, na Dida alikuwa amelitayarishia jibu tangu Leparua. Alisema afande, ni studio. Mkanda uliwekwa kinyume kwenye mashine. Yeye alipokea picha kama zilivyo, akafanya kazi kwa kile alichopewa.

Inspekta akasema basi studio hiyo haitapiga tena picha ya kituo hiki, wala ya mshtakiwa, wala ya kitambulisho, wala ya askari anayepandishwa cheo. Tena anataka maelezo, maana kuharibu ushahidi si mchezo. Akamtuma askari amlete mwenye studio. Dida angeweza kumzuia. Hakumzuia.

Habibo alikuja kwa hatua zake mwenyewe, askari akimfuata nyuma kama ndiye aliyekamatwa. Alikuwa mjane mnene, mtoto wa mwanajeshi wa Kisomali aliyepewa makazi Isiolo baada ya vita vya wakoloni, na studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa ziwa na bata weupe, mahali ambapo nusu ya mji ilikuwa imeoa mbele ya kamera. Kazi ya kituo ndiyo iliyomlipia kodi ya nyumba. Hilo kila mtu alilijua. Akawapa salaam aleikum wote, mmoja mmoja, mpaka Boru, akaketi bila kukaribishwa.

Inspekta akampa picha, akamweleza kosa lake.

"Ni kweli imegeuka," Habibo alisema. "Nilimwambia."

"Ulimwambia nani?"

"Huyu." Hakunyosha kidole, alimtazama Dida tu. "Inspekta, mimi naosha picha tangu huyu koplo ananyonya. Upande wa mkanda naujua gizani. Niliuweka sawa, nikamwonyesha kwenye taa, ngamia anaenda kushoto. Koplo, ukasema nini?"

Dida akasema hakumbuki vizuri, siku ile kulikuwa na kazi nyingi.

"Mimi nakumbuka, walaal, ndugu yangu. Ulisema, mama, mwizi gani wa kamera anaelekea milimani? Atamuuzia nani, tumbili? Wanunuzi wako mjini. Umeweka kinyume, geuza. Nikakuambia, koplo, upande wa mkanda wa kung'aa ndio unaokaa juu, nao ni huu. Ukasema nisikufundishe, wewe umezaliwa kwa ngamia. Mimi nimezaliwa kwa wanajeshi. Askari akisema geuza, nageuza." Akairudisha picha mezani, taratibu. "Nilijua unataka picha. Sikujua tayari una jibu."

Hakuna aliyecheka, hata askari wa mlangoni, ambaye kwa kawaida alicheka mapema. Inspekta Kiugu alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akaketi. Ntongai alitazama viatu vyake.

Qabale hakuwa amekipata Kiswahili chote cha Habibo, kilikwenda mbio. Akamvuta mumewe nguo, akauliza mama amesema nini. Boru akamtafsiria, pale pale mlangoni. Alitafsiri polepole kwa sauti yake ya chini, hakuruka neno, hakuongeza neno, kwa Kiborana kile kile ambacho Dida alibembelezewa nacho: taa, ngamia anayeenda kushoto, upande wa kung'aa, tumbili. Koplo akalazimika kuyasikia yote mara ya pili, kwa lugha ya mamake.

Boru alipomaliza, Qabale alimtazama Dida. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

"Wewe mwenyewe ulimgeuza?"

Inspekta, ambaye hakujua Kiborana, aliona kwamba swali limeulizwa. Akachukua kalamu, akangoja jibu.